Mwindaji wa Barazani

Kwa miaka yote niliyokaa ukuta kwa ukuta na Prefe, sijamwona akiua hata panzi. Lakini ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu hapa Baraka ni nani mwindaji mkubwa wa kanga, atakuonyesha nyumba yake, na atakuwa ameanza kucheka kabla hajamaliza kunyoosha kidole.

Prefe ni cheo, si jina. Aliongoza shule ya sekondari mpaka alipostaafu, na cheo kikabaki naye. Mke wake anamwita Prefe. Wajukuu wake wanamwita Prefe, na mchungaji akimtembelea husimama mlangoni akingoja aambiwe aketi. Amefundisha nusu ya wanaume wa mji huu, na wale aliowafundisha hawajawahi kuacha kumwogopa, hata walioota mvi. Ninataja jambo hili mapema kwa sababu bila woga huo yale yaliyotokea yasingetokea.

Tangu alipostaafu alikuwa na kazi moja tu: kupanga safari ya kwenda kuwinda kanga katika provensi jirani, yeye na marafiki zake watatu. Nasema kupanga. Neno kuwinda silitumii, sitaki kusema uongo. Marafiki wenyewe walikuwa hawa: Fundi, anayetengeneza motere za boti pale bandarini, mtu mpole aliyesoma kwa Prefe; Katekista, Mrundi aliyekuja kama mkimbizi akabaki akilima muhogo; na mume wangu, ambaye alikwenda kwenye mikutano hiyo kwa ajili ya kasiksi, pombe ya ndizi ya Mama Prefe, na hakujisumbua kutafuta sababu nyingine.

Swali la kwa nini hawakutaka kuwinda hapa hapa kwetu, wilaya ya Fizi, ni la haki. Milima yetu ina kanga. Ina pia watu wenye silaha wa kila aina, na mtu anayeonekana porini na kitu kirefu mkononi, hata kama ni fimbo, huulizwa anatumikia kundi gani. Kwa hiyo bunduki ilikataliwa tangu mwanzo. Wangetumia mitego ya kamba ya nailoni, na mbwa aliyevishwa njuga shingoni. Na mahali pa kuwinda pangekuwa kusini, ukishapita Kazimia na kuuvuka mpaka wa provensi, ambako mjomba wake Fundi alikuwa na shamba la karanga. Kila kiangazi kanga walishuka kutoka msituni kuja kulifukua.

Mjomba huyo ndiye aliyemlea Fundi. Vita viliwatenganisha, mmoja akakimbilia Tanzania, mwingine akashuka kusini, na walipopatana tena ilikuwa kwa simu. Mzee alikuwa anapoteza macho. Alitaka kumwona mtoto wa dada yake kabla macho hayajafungika kabisa, na kwa kuwa alikuwa mtu wa furaha akaongeza: njoo na marafiki zako, kanga watatutosha wote. Fundi, kwa kosa la kuwa na adabu, akapeleka mwaliko huo kwa Prefe. Hapo ndipo Prefe aliposhika safari ya mwenzake akaifanya yake, na hakuiachia tena.

"Kwanza metode," yaani utaratibu kwanza, ndivyo alivyosema. Alisema hivyo wakati wa kupanga safari, alisema hivyo mke wake alipotaka kuhamisha jiko, na niliwahi kumsikia akimwambia hivyo mtu aliyekuwa anakimbiza mwizi. Kila Jumapili baada ya ibada aliketi barazani na kofia yake ya sufu, joto lolote liwepo, akachora ramani kwenye vumbi la uani kwa ncha ya fimbo. Lazima nikiri kwamba alichora vizuri. Rasi ya Ubwari ilikuwa mahali pake, Kazimia mahali pake, mito yote ikiingia ziwani inapoingia. Kisha wanaume wale wakainama kuitazama nchi ambayo wangeweza kuiona kwa macho yao kama wangepanda boti ya asubuhi. Siku iliyofuata Mama Prefe aliamka na ufagio, akafagia ziwa, akafagia mpaka wa provensi, akatupa yote kwenye shimo la takataka pamoja na maganda ya muhogo.

Halafu kulikuwa na mbwa. Prefe alimnunua akiwa mdogo huko Nundu, akamwita Kapiteni, akasema safari haitaanza mpaka Kapiteni ajue kazi. Akamfunga njuga ya mti shingoni kama wafanyavyo wawindaji wa Kibembe, ili mlio wake uwafukuze ndege kuelekea kwenye mitego. Tabu ni kwamba Kapiteni aliiogopa njuga yake mwenyewe. Ikilia alikimbia, akikimbia ililia zaidi, na mbio hizo zilimalizikia kila mara chini ya kitanda changu. Jogoo wangu alimfukuza uwanjani mbele ya watu wote. Prefe alitazama bila kucheka, akasema mbwa mwenye akili huchelewa kukomaa, na safari ikasogezwa mbele.

Lakini kilichonichosha kuliko yote ni ugawaji. Kwetu nyama ya ndege ina utaratibu, na firigisi, kile kipande kigumu cha ndani ambacho ndege anasagia chakula, hapewi mtu ovyo. Ni ya mwenye heshima. Basi Prefe aliwagawia wenzake kanga ambao walikuwa bado wanatembea zao msituni kwa mjomba. Alikata hewani kwa kidole: bawa hili la Fundi, paja la Katekista, mgongo wa mume wangu, na firigisi, akasema kwa unyenyekevu, atabaki nayo yeye kwa ajili ya umri. Siku moja aliugua malaria, akatuma neno kwamba kwa msimu huo firigisi anamwachia mwingine. Katekista akasema ni yake kwa sababu ya kazi ya Mungu. Mume wangu akasema ni yake kwa sababu yeye ni mkubwa kwa Katekista. Walirushiana maneno hadi wakatajiana makabila, watu wazima wawili wenye wajukuu, na hawakusalimiana mpaka Pasaka. Wanaimba kwaya moja. Nilimuuliza mume wangu firigisi hiyo ilipikwa na nini, akatoka nje.

Mimi ninachuuza ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kila wiki ninapanda boti kushuka Kazimia kununua samaki, kisha ninarudi nao kuwauza hapa Baraka. Safari waliyoipanga wale mabwana ndiyo njia yangu ya kwenda kazini. Prefe aliniita mara nyingi barazani nimweleze mawimbi yakoje, boti gani inaaminika, soko la Kazimia linaanza saa ngapi. Nilimjibu kwa heshima. Kisha alinisahihisha.

Nilikuja kuelewa kwa nini safari haianzi siku ya mazishi fulani Ubwari, tulipokwenda pamoja. Prefe alipanda boti akakaa katikati, akashika ubao pande zote mbili, akafumba macho tangu tulipoachana na ufuko mpaka tulipogusa mchanga. Midomo yake ilikuwa inatembea. Wakati wa kurudi akasema ana shauri la kuzungumza na mtu wa bara, akazunguka kwa miguu kwa njia ndefu ya nchi kavu, akatufikia siku ya pili viatu vikiwa vimepasuka. Sikumdharau kwa kuogopa maji. Hata mimi naliogopa ziwa, na ndilo linalonilisha. Nilimdharau kwa kuuficha woga wake nyuma ya mbwa.

Na mtu huyo huyo, ili nisije nikaambiwa nimeficha upande mmoja, siku ya mtihani wa serikali milio ya risasi ilipoanza kusikika juu mlimani, alisimama mlangoni mwa darasa na chaki mkononi akasema hakuna anayeinuka kabla ya muda. Walimu wawili walikuwa wameshakimbia. Yeye alibaki pale mlangoni mpaka karatasi ya mwisho ikakusanywa, kisha akawasindikiza watoto mmoja mmoja hadi njia panda. Mdogo wangu alikuwa mmojawapo. Siwezi kumnyima hilo, na mara nyingi limenifunga mdomo nilipotaka kumwambia ukweli.

Kiangazi cha mwisho samaki walipungua Kazimia, nikaendelea mbele na boti nyingine kutafuta, nikajikuta kijijini kwa yule mjomba. Nikasema nipite nimsalimie. Nilimkuta kibarazani akisokota kamba ya mitego kwa kupapasa. Niliposema natoka Baraka, mimi ni jirani yake Prefe, aliinuka haraka mpaka fimbo ikaanguka.

"Banafika?" akauliza. "Bako nyuma yako?"

Nikamwambia nimekuja peke yangu. Alinishika bega akanisogeza kwenye mwanga, akasema uso wangu anauona kama moshi tu, nimsamehe. Kisha akanipeleka shambani, yeye akitangulia, maana njia aliijua kwa miguu. Karanga zote zilikuwa zimeshang'olewa isipokuwa ukanda mmoja mpana ukingoni mwa msitu. Majani yake yalikuwa yamekauka na udongo umefukuliwafukuliwa. Mzee akaniambia kwamba kila kiangazi huuacha ukanda ule bila kuvuna, ili kanga wasiache kuja, ili wageni wake wasikose. Kila kiangazi. Mkwe wake, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama nyuma yetu na mtoto mgongoni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba karanga zile zingewafikisha hadi mvua, lakini muzee hasikii. Karibu na nyumba kulikuwa na kibanda cha wageni chenye vitanda vya miti, na nyasi zake za paa zilikuwa mpya.

Aliponisindikiza aliniuliza jambo moja tu. Alikuwa amesikia kwa simu kwamba Prefe anapenda firigisi, akataka kujua kama anaipenda ya kuchoma au ya mchuzi. Nilimwambia ya mchuzi. Nikapanda boti nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi.

Jumapili hiyo niliingia barazani bila kuitwa. Niliwaeleza yote, ule ukanda, kile kibanda, yale macho, na sikuchagua maneno. Katekista aliinamisha kichwa. Mume wangu akaweka kikombe chini. Prefe alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu, akaniuliza upepo wa jioni pale shambani unatoka upande wa ziwa au upande wa msitu.

Fundi hakuuliza upepo. "Mama Riziki," akaniambia, "anaona bado?"

"Anaona moshi. Twende, Fundi. Wiki hii mi nashuka tena, nafasi iko ndani ya boti."

"Basi mi ntaenda na Mama Riziki," akasema Fundi, na kwa mara ya kwanza alisema bila kumtazama mwalimu wake.

Prefe akajinyoosha kwenye kiti. Hakukasirika, alitumia ile sauti ya darasani, ya kumwonea huruma mwanafunzi. "We Fundi, unataka kufika kule peke yako, mikono mitupu, kama mutoto mwenye banafukuza ku masomo? Mujomba anangojea bantu bane. Ukienda peke yako, atakupokea, atakuchinjia, basi, ukarimu imeisha. Siye tutapokelewa na nani? Ngoja mwezi hii ipite. Kapiteni iko karibu kuzoea njuga."

Fundi alitazama chini, kwenye vumbi, mahali ramani ilipokuwa. Nilingoja. Mtu mwenye ndevu nyeupe, anayefungua motere nzima na kuifunga, mwenye nyumba na watoto, alitazama vumbi lile kwa muda mrefu.

"Sawa, Prefe," akasema.

Nilimtazama mume wangu aseme neno. Alikiinua kikombe chake. Tulipofika nyumbani nilimwambia ninachokifikiria juu yake na wenzake, na chakula cha siku ile alijipakulia mwenyewe.

Mjomba alikufa kabla kiangazi hakijaisha. Aliamka na homa, na habari ilipofika Baraka alikuwa ameshazikwa. Fundi alikuja kwangu asubuhi na mfuko mdogo wa plastiki wenye shati moja. Hakupita kwa Prefe. Ndani ya boti, tulipoikaribia Kazimia, akaniambia kwamba mara ya mwisho walipozungumza kwenye simu mzee alimuuliza kama ameota mvi, na yeye alicheka akamjibu utaziona mwenyewe. Nilimtafutia boti ya mbele, nikabaki na biashara yangu. Nilishindwa kununua vizuri siku ile.

Alirudi baada ya matanga, na alikuwa na kanga kwenye kapu, amefungwa miguu. Aliniambia kwamba mkwe alikuwa ameung'oa ule ukanda wa karanga, na ndizo walizokula watu waliokuja kulia. Kanga huyo alinaswa na mtego wa mwisho aliousokota mzee mwenyewe. Mkwe alimpa Fundi akamwambia apeleke kwa wale wageni.

Ningekuwa mimi, ningemla mwenyewe na familia yangu nikanyonya hadi mifupa. Fundi alimpeleka kwa Prefe. Alisema mjomba alimwalika Prefe, basi sahani ya mjomba imfikie. Nilimsaidia Mama Prefe kupika. Alikuwa kanga mzee, alikaa motoni mchana kutwa, na harufu yake ilifika barabarani. Wote wanne walikuwa barazani jua lilipokuwa bado juu. Kapiteni alilala chini ya kiti bila njuga. Ilikuwa imepotea, na hakuna aliyeitafuta.

Nilipoleta chakula, Prefe alisimama. Akavua kofia ya sufu, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya nje ya kanisa. Akasema kwamba wanaume wanne walingojewa na mtu mmoja, na mtu huyo amechoka kungoja, na aibu hiyo ni yao, yake kwanza. Hakusema metode. Akachovya mkono kwenye mchuzi, akaitafuta firigisi, akaiweka peke yake kwenye sahani ndogo ya kikombe, katikati ya meza. "Hii ni ya mujomba," akasema. "Muntu asiiguse."

Katekista akasema amina. Fundi alijifuta macho kwa kiganja, na mimi niliyesimama mlangoni na sufuria, mimi ambaye nimemdharau mtu huyu kuliko majirani wote, niliiweka chini. Nikafikiri: kumbe. Nikakaa kwenye kizingiti nisikilize.

Walikula bugali kwa utulivu. Kisha Prefe akasema ni lazima mzee akumbukwe. Akasema wangeweza kwenda wote wanne kiangazi kijacho, kwa heshima yake, wakawinda kwenye shamba lile lile, wakapeleka nyama kwa mkwe. Mume wangu akasema ni wazo zuri. Prefe akasogeza kiti. Akasema jambo la kwanza ni kutafuta mbwa mwingine, maana Kapiteni amezeeka. Jambo la pili ni kujua boti za mwezi wa sita. Fimbo ilikuwa pembeni, akaichukua kwa mkono wa kushoto akaanza kuchora Ubwari, na sauti yake ikapata joto. Mkono wa kulia ulikuwa mezani. Uliiokota firigisi kwenye sahani ndogo ukaipeleka mdomoni, naye akaendelea kueleza kuhusu Kazimia.

Ilikuwa ngumu. Alitafuna muda mrefu, akizungumza, shavu limevimba, na fimbo ikivuka mpaka wa provensi. Katekista alikuwa ameacha kula. Mume wangu alinitazama mimi. Mama Prefe alitoka jikoni akaiona sahani tupu, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge.

Fundi aliinuka. Alinawa mikono kwenye beseni, polepole, akaikausha kwenye suruali. Alisimama mbele ya Prefe kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, lakini hakutazama chini.

"Iko butamu, Prefe?" akauliza.

Prefe aliinua uso. Akameza. Akafikiri kidogo, kama alivyofikiri kabla ya kujibu swali lolote la mwanafunzi wake.

"Inakosa chumvi," akasema.